Tiyo Yangu Yenye Ilichemusha Esansi ku Barieri

Banangu, watoto wangu ya garaji, ile siku ya kuniaga muliniambia asema Maman Furaha, utuandikie kitu, usiende na yote mu kichwa. Miye nikacheka. Masomo yangu iliishia deuxième primaire, mwaka ya pili tu, na kalamu inanichokesha kuliko clé ya dix-neuf ya kufungulia vyuma. Lakini tangu niliketi nyumbani mikono yangu inatafuta kazi. Juzi nilifungua radio ya mukwe yangu nione ndani kuko nini, na sasa haisemi tena. Njo nimeamua kuandika, mbele ya kumaliza kuharibu vitu ya batu. Naandika vile nasema. Mwenye anatafuta makosa asiende mbali, iko hapa hapa.

Miye niliingia garaji kama mupishi. Hiyo hamukujua. Bwana yangu alikuwa amekufa, mutoto yangu Furaha angali ku mugongo, na Papa Sylvestre alikuwa anatafuta mama wa kupikia bamekanisye maharagi na bugali. Siku ya kwanza nilifika asubui, nikaacha basani yangu ya kuoshea mboga inje, nikaenda kuteka maji. Kurudia, nikakuta Papa Sylvestre amepasua moteri muzima, na vyuma yake yote iko mu basani yangu, inaogelea mu mafuta meusi. Nilishituka mara mbili. Ya kwanza juu ya basani. Ya pili juu ya moteri yenyewe. Nilizaniaka moteri ni kitu moja, kama jiwe, unaweka esansi inalia. Kumbe ndani ni vitu mingi vile, vingine midogo kama meno ya mutoto.

Nikamugombeza, muzee mwenye sikumujua hata saa moja. Asema, "Basi, mama, kama basani ni yako, osha wewe." Nikaosha. Nikauliza hii ni nini, na hii, na hii. Maharagi ikaungua. Hivyo njo nilianzaka kazi, na hata leo hakuna mutu aliniambia siku gani niliachaka kuwa mupishi.

Papa Sylvestre alikuwa muzee mufupi, shati imefungwa mpaka ku shingo hata kama jua inachoma. Hakutukanaka mutu, hata chuma. Alikuwa na turnevisi, bisibisi ya mukono wa mbao, anaweka ncha ku moteri na mbao ku sikio, anafunga macho kama padri, kisha anasema, "Silinda ya tatu iko mugonjwa." Unafungua, ya tatu iko mugonjwa kweli. Nyinyi leo muko na mashini ya kuchomeka mu gari inawaambia kila kitu. Muzuri. Lakini ile mashini haijuaki kukaa kimya.

Kila siku alikuwa na neno moja ya kuniuliza. Nikimuletea jibu, papa, ni filtre, papa, ni batri, anauliza, "Umeshika?" Maana yake, ulitia mukono? Ulisikia kama ni baridi, kama ni moto, kama inatetemeka? Na miye, ndio, papa, nimeshika. Mara mingi sikukuwa nimeshika kitu. Macho ilikuwa inanitosha. Mukumbuke ile neno, itarudia.

Sasa gari. Ilikuwa gari ya mbio. Muzungu moja mwenye alikuwa patron ya Papa Sylvestre zamani alikuwa anashindana nayo na bazungu wenzake, rangi yake manjano, chini chini hivi, tiyo ya moshi yake nene kama mukono yangu, na karbirateri, yenye inachanganya esansi na hewa, ya vinywa mbili. Inakunywa esansi kama harusi inakunywa bière. Vita ya kwanza ilipoingia, muzungu akakimbia, akaacha ufunguo ku musumari. Wezi wakaiba magari yote ya mutaa, hata zenye hazina moteri wakasukuma. Ile ya manjano wakaiacha. Ilikuwa na kiti moja tu, na kuiwasha ilikuwa na namna yake: unafinya esansi mara mbili, unaachilia, unangoja kidogo, njo unageuza ufunguo. Mwizi hana pasiensi ya hivyo. Hivyo njo gari yenye haina faida ikabakia peke yake yenye inatembea.

Kisha vita ya pili. Kule Miti, kijiji ya inje ya muji, kulikuwa Maman Nabintu, muzalishaji, mama mukubwa, sauti kama kengele. Bamama wenye mimba inakatala alikuwa hana namna ya kuwaleta hopitali ya Bukavu. Wanabebwa mu kitanda ku mabega, wengine wanafia njiani. Akashuka kuona Papa Sylvestre, akamuambia mbele yetu wote asema gari inalala hapa kama ng'ombe ya mwami yenye haifanyi kazi, na miye naenda kuzika batu. Papa Sylvestre akatoa ufunguo ku musumari. Kesho yake tukakata gari nyuma, tukaweka benchi ya kulalisha mugonjwa. Chauffeur akapatikana: Bisimwa, kijana mwembamba, mwenye kucheka, alikuwa ameendesha kamyo ya bière mbele ya vita. Akapenda ile gari kuliko bibi yake. Bibi yake njo aliniambia.

Ile wakati, banangu, ku barieri, pale basoda wanafunga barabara na kamba, walikuwa wanakunywa magari. Hawaombi. Wanatia tiyo ya kaucho mu tangi yako, wanavuta na kinywa, wanajaza bidon yao, wanakuambia safari njema. Unabakia na gari kavu mu pori. Kila garaji ya Bukavu ilikuwa na ujanja yake. Wa kwetu ulikuwa wangu. Nilijivuna nao, munisamehe.

Ulikuwa hivi. Tangi yenye kuonekana, unaweka humo litre mbili tatu tu, basoda wavute, wafurahi. Tangi ya kweli inakaa chini ya benchi, nyuma ya mbao, na gari inakunywa humo. Sasa tiyo ya kutoka ile tangi mpaka mbele, upitishe fasi gani soda asione? Soda anainamaka kuangalia chini ya gari, anapapasa. Miye nikawaza: ni fasi gani mutu hatiake mukono? Ku tiyo ya moshi, sababu inachoma. Basi nikapitisha tiyo yangu ya shaba pembeni ya tiyo ya moshi, zinalala pamoja kama bibi na bwana, nikazungusha kitambaa cheusi ya mafuta juu yake. Hakuna soda aliionaka hata siku moja. Batu wakasikia, wakaniletea magari yao. Nikafanyia wote vile vile, na kila mutu ananiita fundi.

Miezi mingi haikupita, gari ya manjano ikaanza ugonjwa. Namna yake ilikuwa ya kushangaza. Inatoka Miti muzuri, inapanda milima muzuri, inafika ku barieri ya mwisho mbele ya muji, inangoja mu mustari nyuma ya makamyo. Zamu yake ikifika, inakohoa, inakufa. Bisimwa anageuza ufunguo, anageuza, hakuna. Wanaisukuma pembeni. Kisha saa nzima, inawaka peke yake kama haikuugua. Na kila mara ni ile barieri.

Akaniletea. Nikafungua karbirateri, nikaosha vinywa yote mbili. Nikabadirisha filtre yenye inachuja esansi. Nikasema ni esansi ya bidon, wauzaji wanachanganya na petroli ya taa, nikamutuma anunue ku mwengine. Kila mara nikipima hapa ku garaji, naitundikia chupa ya esansi ku kapo, mufuniko ya moteri, ikunywe humo, vile tunafanyaka, sababu esansi ya tangi ya chini ilikuwa ya safari, haipotezwe. Moteri inaimba. Namuambia Bisimwa, imepona. Anaenda, inakufa ku barieri.

Papa Sylvestre alikuwa ameanza kuugua miguu, anakaa ku kiti ya plastiki mu mulango. Akaniambia, "Ile gari inapumuaka kwa kukimbia. Ukiisimamisha na moto yake, moto inabakia ndani. Ule muzungu kisha mashindano alikuwa anafungua kapo mbele hata ya kutoa kofia." Kisha akauliza, "Umeshika?" Nikasema nimeshika. Na mu roho nikasema muzee anawaza mambo ya bazungu na jua yao. Bukavu hapa, na mvua hii na baridi hii, tunavaa pulova mu mwezi ya Juillet, moto ya nini?

Mara ya tatu, Bisimwa alirudi anatembea kwa miguu mbaya. Alikaa ku benchi upande moja tu. Komanda ya barieri alikuwa amesema ile kufa ya gari ni alama: kila mara ikisimama pale, kuko mutu wa adui mu kilima anahesabu basoda. Wakamuchapa mbele ya bagonjwa wake. Na komanda akamuambia, ikizimika hapa tena, gari itabakia na wewe utabakia. Bisimwa aliniambia bila kucheka. Njo siku ya kwanza nilimuona bila kucheka. Akaniuliza tu, "Maman Furaha, sasa iko muzima?"

Nikasema iko muzima. Nilikuwa nimebadirisha mpaka ngozi ya pompi yenye inavuta esansi. Lakini usingizi ilikatala, na kesho yake mutu wa pikipiki akaleta neno ya Maman Nabintu: kuko mama kule Miti, jina Nsimire, mutoto ameweka mukono mbele, lazima hopitali leo. Nikaona Bisimwa anaangalia ufunguo ku musumari. Nikavaa kikwembe, kitenge yangu ya kujifunga, juu ya kombinezo ya kazi, nikatia clé mbili mu mufuko, nikasema tunaenda wote.

Kwenda, hakuna shida. Barieri ilikuwa wazi, basoda wanakula. Kurudi, tukiwa na Nsimire ku benchi, mama yake, dada yake, na Maman Nabintu ameshika ule mukono ya mutoto mudogo na kitambaa safi, tukakuta makamyo ine mbele yetu. Mvua kidogo kidogo. Tukangoja. Nikasikia moteri inabadirisha sauti. Bisimwa akaniangalia, midomo nyeupe. Ikakohoa. Ikakufa, mita kumi mbele ya kamba ya barieri.

Nikatoka, nikafungua kapo. Ile mara ya kwanza niliiona ikiwa mugonjwa pale pale, si ku garaji. Filtre yake ilikuwa ya kioo. Nikaangalia mu kioo, na banangu, sijapata kushituka hivyo hata siku Furaha alianguka mu ziwa. Esansi ilikuwa inachemuka. Mapovu inapanda, inapanda, kama sufuria ya maharagi. Na mvua inanyesha ku shingo yangu, na baridi, na esansi inachemuka.

Pompi, na ngozi yake mupya, ilikuwa inavuta mapovu. Haikukuwa na makosa. Nikauliza moto hii inatoka wapi? Njo nikasikia Papa Sylvestre mu sikio: umeshika? Nikatia mukono ku pompi, joto kidogo. Nikafuata tiyo na vidole, chini, nyuma, mpaka fasi inapolala na tiyo ya moshi. Kovu muko munaijua, hii ya kidole ya shahada. Munaulizaka kila Noël. Ni pale niliungua.

Ilikuwa tiyo yangu. Ujanja wangu. Ku garaji ninapima na chupa, tiyo yangu haimo mu mambo. Njiani ikikimbia, upepo inapita, na esansi inakimbia nayo. Ikisimama nyuma ya makamyo, tiyo ya moshi inapika esansi yote. Nilikuwa nimeweka chakula ku jiko na miye nauliza nani anachoma. Na Bisimwa alichapwa juu ya ule ujanja.

Komanda akakuya. Kijana, banangu, ndevu hazijajaa. Nilizania komanda ni muzee. Hakupiga makelele. Alimuambia Bisimwa atoke na aweke ufunguo ku mukono yake, na basoda wawili wakasimama ku mbavu zake.

Dawa nilikuwa naijua sasa: maji baridi ku tiyo. Maji ilikuwa, bidon ya Maman Nabintu. Lakini nikiingia chini ya gari na maji, soda atainama kuona namwangia nini, ataona tiyo, atafuata mpaka tangi ya benchi, na mwenye kuficha esansi ile wakati hawakumuchapa tu, walimuua. Nikaenda ku sikio ya Maman Nabintu, nikamuambia nataka dakika kumi chini ya gari bila macho ya mwanaume. Hakuniuliza juu ya nini.

Akatoka, akatandaza kikwembe yake, na ile sauti ya kengele akasema, "Papa komanda, mutoto anafika. Geuzeni migongo."

Munajua kwetu. Mama akishikwa njiani, bamama wanamuzungushia vikwembe, na hakuna mwanaume anaangalia, hata chifu, hata mwizi. Mama ya Nsimire akashika kikwembe, dada yake akashika. Wauza ndizi wawili wenye walikuwa ku barieri, wenye hatukuwajua, wakaacha ndizi mu matope, wakafungua vikwembe, wakashika. Ikakuwa ukuta kuzunguka gari mpaka chini. Na ule komanda akageuka. Basoda wote wakageuka, bunduki inaangalia ziwa. Nilishangala sana. Batu wenye walikuwa wanafanya kila kitu ile wakati, ile moja hawakuweza.

Nikalala mu matope. Mekanisye mwanaume hangeingia pale, na ile njo mara moja mu maisha yangu nilishukuru Mungu juu ya kikwembe ku kazi. Nikamwanga maji. Tiyo ya moshi ikalia shiiii, moshi nyeupe ikapanda juu ya vikwembe kama locomotive. Nikasikia soda anauliza ile moshi ni ya nini.

Maman Nabintu akasema, "Maji ya moto ya kuzalisha. Mama yako alikuzalia mu baridi?"

Kisha soda moja akacheka, na mwengine akamuambia anyamaze.

Nikamwanga tena, nikafungua kitambaa cheusi, nikavuta tiyo yangu na mikono, nikaikunja iende mbali na moto. Nikafunga kitambaa ya maji ku pompi. Juu yangu Nsimire analia kweli, si kilio ya uongo, mutoto wake hakukuwa na njia ya kutoka. Nikatoka, nikaangalia mu kioo. Mapovu moja. Kisha hakuna.

Nikamuambia Nabintu. Akatoa kichwa, akasema mutoto amekatala, ni lazima hopitali, na kama komanda anataka mama huyu akufe hapa, yeye komanda mwenyewe amuambie mama ya Nsimire. Ule kijana akageuka polepole, akiangalia chini, akarudisha ufunguo ku Bisimwa. Akamuambia, "Ikiwaka, unaenda."

Bisimwa akaingia ku kiti yake. Akafinya mara mbili, akaachilia, akangoja. Ile kungoja ilikuwa ndefu. Akageuza. Gari ya manjano ikalia kama siku ya muzungu wake, na kamba ikashuka. Nsimire walimupasua siku ile ile. Mutoto aliishi, na ule mukono wake wenye alitanguliza, leo anauza nao unite, zile vocha za telefone, pale mbele ya soko.

Sasa, ile kitu njo iliniletea kuandika. Tulirudi garaji, batu wakauliza ilikuwa nini. Bisimwa alikuwa amesimama pale, ananiangalia. Na miye nikasema, pompi. Ngozi ya pompi ilikuwa mubaya.

Juu ya nini nilisema hivyo? Juu walikuwa wananiita fundi. Juu magari mengine ya batu yalikuwa na tiyo yangu, inalala na moto vile vile. Wiki ile yote nilitembea muji muzima, naomba batu walete magari, asema ni kuangalia tu, asema ni zawadi ya garaji. Nikahamisha tiyo zote, nikiwa chini, na mulango imefungwa. Batu wakasema Maman Furaha ana roho muzuri. Papa Sylvestre, ku kiti yake ya plastiki, aliona magari inaingia moja moja. Aliangalia kidole yangu yenye nilifunga kitambaa. Akasema, "Leo umeshika." Mbele ya mwaka kuisha, alikufa.

Miaka ikapita. Ile siku ya kuniaga mulinipikia samaki, mukanipa kiti na kikwembe, mulimuona muzee moja mwembamba, kofia nyeupe, anacheka sana. Ule njo Bisimwa. Nilimuita ku pembeni, nyuma pale tunaoshaka vyuma. Nilikuwa nimebeba ile neno tangu vita. Nikamuambia yote: tiyo, moto, pompi ya uongo, fimbo zake. Nikamuambia, "Ulichapwa juu yangu, na nilinyamaza."

Alitoa kofia. Nilizania atakasirika, na alikuwa na haki.

Akasema, "Maman Furaha, nilijua tangu kesho yake. Tiyo ilikuwa upande wa kuume, ikaenda upande wa kushoto. Chauffeur hajui gari yake?"

Nikamuuliza, sasa miaka yote hii, unakuya hapa, unakunywa chai yangu, na hukusema?

"Nilikuwa nangoja useme," asema. "Nilianza kuogopa utakufa mbele ya kusema."

Kisha akarudisha kofia, akaenda kuuliza kama samaki ingali iko. Njo hiyo, banangu. Kama gari inakufa fasi moja kila mara, muende mpaka ile fasi, musipime na chupa ku garaji. Mutie mukono ku kila tiyo, kwanza zenye muliweka nyinyi wenyewe. Na Bisimwa akipita pale, mumupe chai yenye sukari mingi, kwanza yeye, mbele ya batu wote.